Wanawake Juu ya Bati

Kijijini, nyuma ya Nakaloke
18 Machi 2024

Dada yangu Shadiah,

Ramadhani njema. Najua unaisoma hii umejinyoosha kwenye mkeka ukingoja magharibi, kwa hiyo sitakutajia chakula. Bruhan wa teksi ameniapia atakukabidhi mkononi, si kuiacha dukani kama mara ile. Watu hapa wananicheka: "Wilkista, bado unaandika barua kama wazazi wetu?" Nawaambia rafiki yangu wa Jinja masikio yamemgoma, simu kwake ni kelele tu, na ujumbe mfupi haunitoshi mimi mwenye maneno mengi.

Sasa habari. Kanisa letu halina paa.

Ilikuwa mchana, siku ya ushirika wetu. Unatujua sisi Balokole, watu wa kuokoka: tunakutana, mmoja anasimama anasema lililomlemea moyoni, mwingine anafuata, na hakuna mkubwa. Mwanamke aliyetoka kulima, matope bado miguuni, anaweza kumwambia mume wake mbele ya wote, "Hapa ulinikosea," na mume akamsikiliza. Mzee Yokana Mafabi ndiye alikuwa anatoa ushuhuda. Upepo ulishuka kutoka mlimani bila hodi. Bati la kwanza lililia kama mbuzi, kisha upande mzima ukaenda. Tukainua vichwa, tukaona mbingu. Mzee Yokana alikuwa amefumba macho, akaendelea na ushuhuda wake mpaka mvua ilipomwingia mdomoni.

Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Mabati tuliyaokota kwenye mpunga, kwenye mihogo, mengine yalifika shamba la jirani yetu Zulaika. Yeye ni Mwislamu kama wewe. Aliyaleta na binti zake, wameyabeba vichwani, amefunga, na hakutaka hata tumshukuru.

Mabati mengi ni mazima. Tatizo si mabati, tatizo ni wazee wawili. Fundi wetu wa paa ni huyo huyo Mzee Yokana. Mtunza kanisa ni Mzee Erisa Wabwire, na mbao zote ziko kwake. Hawa wawili hawasemezani tangu ng'ombe wa Erisa waingie kwenye mpunga wa Yokana mwaka jana. Wote waliokoka kabla yangu, na wote wanaomba vizuri mpaka unatamani kulia. Lakini Yokana anasema hashiki nyundo mpaka Erisa asimame katika ushirika atubu. Erisa anasema alishatubu kwa Mungu, na ng'ombe wake hawajaokoka, hawezi kuwasemea.

Vijana wenye nguvu wako viwandani Mbale. Wakubwa wa kanisa wametuambia tusubiri. Tunasubiri, mvua inatunyeshea, watoto wanakohoa, na mwalimu wa Jumapili anafundisha ameshika mwavuli.

Sikuombi kitu. Nakuambia tu, kwa sababu usipojua naona kama jambo lenyewe halijatokea. Jina lako tunalitaja kila tukikutana.

Rafiki yako,
Wilkista Khainza


Mpumudde, Jinja
28 Machi 2024

Dada Wilkista,

Barua nimeipata, na Bruhan nimemtolea tende. Nimecheka peke yangu kwa habari ya ng'ombe wasiookoka mpaka mkamwana wangu Madinah akaja kuangalia kama naumwa.

Lakini mwisho wa barua sikucheka. Unasema jina langu mnalitaja kila mkikutana. Kwa nini? Mimi Mwislamu, binti wa Mwislamu, babu yangu alikuja nchi hii na jeshi akiwa na msahafu wake. Ulipookoka wewe, ulikuja hapa Jinja ukaniambia mambo yale mpaka nikakaa mwaka mzima bila kukujibu. Unakumbuka. Sitaki kuwa kazi ya kanisa lenu, Wilkista. Tulicheza pamoja Walukuba tukiwa hatuna meno ya mbele, wewe binti wa mfanyakazi wa kiwanda na mimi binti wa afande, na hakuna aliyekuwa anamtengeneza mwenzake.

Nimeshasema. Sasa la pili.

Nilikwenda kwa Meera, mke wa Rasik, wale wenye duka la vifaa vya ujenzi. Mimi ndiye namsukia vikapu vya sherehe zao. Nikamweleza. Unajua sasa kila mtu ananijibu kwa kuandika, na Meera huandika nyuma ya boksi lolote lililo karibu. Aliandika: "Kanisa? Wewe?" Nikamwambia, mimi sijali ni nyumba ya nani, watu wananyeshewa. Akafikiri, akaingia ndani, akatoka na misumari ya bati, ile yenye kofia na mpira, boksi zima. Kisha akaandika tena: "Hakuna Mungu anayependa kulowa."

Kaka yangu Nasur alikasirika. Alinifuata jikoni anapiga mikono hewani, na mdomo wake niliusoma vizuri: yaani sisi tunafunika kanisa? Nikamwambia nafunika vichwa, kanisa ni lao.

Misumari anayo Bruhan. Wape hao wazee wawili, kila mmoja ashike boksi upande wake, labda litawapatanisha.

Mimi,
Shadiah


Kijijini
14 Aprili 2024

Dada yangu,

Idi njema, na samahani imechelewa.

Kwanza jina lako. Tunakuombea masikio. Basi. Siku ya kwanza nilisema katika ushirika, "Nina rafiki, alikuwa anasikia nikicheka kutoka mtaa wa pili, sasa hanisikii," nikakaa. Tangu hapo mama mmoja akiomba mvua anakutaja, mwingine akiombea kuku wake anakutaja. Hakuna aliyeomba ubadilishe dini. Na yale niliyokuambia mwaka ule, niliyasema kama mtu aliyeona moto kwa mara ya kwanza akataka kuwachoma wote wapate joto. Usiniwekee kinyongo.

Misumari ilifika tukaimba. Nilifanya kama ulivyosema, nikalipeleka boksi kwa Mzee Yokana. Akalitazama kama mgonjwa anavyotazama chakula. "Misumari mizuri," akasema, akanirudishia.

Basi tukakaa wanawake peke yetu. Nambozo akasimama. Huyu ni mjane kijana, marehemu mume wake alikuwa fundi, na miaka yote yeye ndiye alikuwa chini anampandishia mabati. Akasema, "Mimi najua bati linavyokaa. Tupande wenyewe."

Najua wewe unaelewa uzito wa neno hilo. Huku kwetu mwanamke hapandi juu ya nyumba. Akipanda, wanasema, mume wake anakufa. Si jambo la utani. Wamama walioenda shule wanaliogopa, hata mke wa mchungaji analiogopa. Mmoja akapata njia ya kati: wajane wapande, maana hawana mume wa kufa. Wote wakafurahi. Wakaanza kuhesabu wajane.

Shadiah, sijui nini kilinisimamisha. Nikasema, "Wajane peke yao wakipanda, tutakuwa tumeliogopa lile jambo na kulifunika kwa nyimbo. Kanisa litapata paa, na hofu itabaki chini yake imekaa pakavu."

Nikawaambia habari ya bibi yangu. Kule mlimani, wakati wa bibi, mwanamke hakuruhusiwa kula kuku. Kuku alikuwa wa wanaume. Mwanamke akila, walisema, atazaa mtoto mwenye manyoya. Wakaja watu wa uamsho, wakulima kama sisi, miguu mitupu, wanaimba njiani. Walikula pamoja, ukoo na ukoo, mke na mume, sahani moja. Bibi akaokoka. Jumapili moja akala paja la kuku nje ya nyumba, saa watu wanatoka kanisani, akiwa na mimba ya mama yangu. Mama alizaliwa, na wazee walikuja kumkagua mgongo. Ngozi tupu! Kuanzia siku hiyo wanawake wa kijiji kile wakaanza kula kuku, hata wale ambao hawakuwahi kuokoka.

Nikasema, "Mimi nina mume, na mimi napanda."

Tumekubaliana. Nambozo atatufundisha. Mbao mke wa Mzee Erisa amesema atazitoa mwenyewe, amemwambia mume wake waziwazi.

Opio anakusalimu. Yupo.

Wako,
Wilkista


Jinja
20 Aprili 2024

Wilkista,

"Opio anakusalimu. Yupo." Yupo wapi? Kwa nini hukusema yupo wapi?

Bruhan ameniandikia kwenye kiganja chake kwa kalamu yangu. Mumeo Opio alipelekwa hospitali kubwa Mbale kwa gari la Bruhan, amelala kiti cha nyuma, kifua kinapiga kelele, na wewe umemshika kichwa. Hiyo ilikuwa kabla hujaandika barua yako ya kuku na manyoya! Ulikaa kwenye benchi la hospitali ukaniandikia mimi hadithi za kunichekesha?

Nisikilize. Sijali habari ya bati na mume kufa, mimi naamini ajali ya mtu, siku yake ya kufa, iko kwa Mola wake. Lakini watu wa Opio wanaamini. Opio akiondoka leo, watasema ni kwa sababu ulitamka. Watakufukuza kwenye nyumba, kwenye shamba, na watoto wako wako mbali. Huo uamsho wenu utakulisha? Subiri. Mungu hana haraka na bati.

Au njoo ukae kwangu. Kitanda kipo.

Shadiah


Kijijini
27 Aprili 2024

Shadiah,

Ni kweli, nilikuandikia nikiwa kwenye benchi. Kama ningekuambia, ningeiamini hofu. Nilitaka mtu mmoja duniani abaki akicheka.

Daktari amesema ni homa ya mapafu. Opio amerudi nyumbani, amepungua, suruali anaifunga kwa kamba.

Kaka yake mkubwa, Omoding, alikuja na watu wa ukoo hata kabla hatujatua mizigo. Walikaa uani. Omoding si mtu mbaya. Alipofiwa na mke, mimi ndiye nilimlea binti yake mdogo. Lakini alikuwa ameogopa, na mtu mkubwa akiogopa huongea kwa ukali.

"Mke wetu," akasema, "ulitamka kwamba utapanda, na siku ileile ndugu yangu akaanguka. Unataka alama gani nyingine?"

Mimi ninayesema katika ushirika mpaka wananivuta gauni langu la gomesi nikae, nilianza kuhesabu siku, Shadiah. Maana ni kweli, Opio alianza kutetemeka jioni ileile. Nimepiga magoti juu ya jambo hili. Nimejiuliza kama nimechukua kiburi changu nikakiita imani. Niliandaa mdomo niseme, basi, sipandi.

Ndipo Opio akaita kutoka ndani, tumtoe nje. Tukamtoa na godoro lake. Unajua yeye hajaokoka. Anaenda kanisani kwa mazishi tu, na jioni utamkuta kwenye chungu cha pombe ya malwa na mrija wake mrefu kama wenzake. Akawatazama wote.

"Omoding," akasema, "kifua hiki nimekiharibu mimi. Nimerudi kutoka kwenye pombe nikinyeshewa miaka mingapi? Nililala kwenye mtaro wiki ile, wewe mwenyewe ndiye uliyenitoa. Sasa nife, halafu kesi mumpe yeye?"

Omoding akasema, "Na ukifa kweli?"

"Nikifa, nimekufa kwa mtaro. Andikeni hivyo." Akakohoa muda mrefu, wote tukangoja. Kisha akasema, "Kabla hajaokoka huyu mwanamke tulikuwa tunapigana, mnajua, mlikuwa mnakuja kutuamua. Siku aliyorudi kutoka kwa wale watu wake akaniambia, 'Opio, sitakuogopa tena na sitakuchukia tena.' Nilidhani ni wazimu. Lakini nyumba ilitulia. Mimi sijui mambo yao, lakini kama anasema anapanda, apande."

Waliondoka bila kunywa chai. Omoding alisema atakuja siku hiyo aone kwa macho yake.

Siku ni Jumamosi ijayo. Kitanda chako nakishukuru, lakini sitakihitaji. Kinachonisumbua sasa ni kitu kidogo cha aibu: sisi hatuvai suruali, na juu ya paa upepo ni mwingi. Wazee watakuwa chini.

Wilkista


Jinja
2 Mei 2024

Wilkista,

Nilikukasirikia siku tatu, nikachoka.

Bruhan amebeba mfuko. Ndani kuna suruali za kazi kutoka dukani kwa Rasik, za wafanyakazi wa zamani, Meera amezifua zote na kuzipiga pasi kana kwamba mnakwenda harusini. Vaeni chini ya gomesi. Moja ina tundu la sigara, hiyo mpe mke wa mchungaji.

Opio mwambie nimemheshimu.

Nitafunga Jumamosi. Kwa ajili yako, na wala usinijibu kwa mahubiri.

Shadiah


Kijijini
9 Mei 2024

Shadiah, Shadiah, Shadiah!

Kanisa lina paa!

Nikuambie kwa mpangilio, maana nikianza mwisho utanilaumu.

Asubuhi tulikusanyika, suruali za Meera chini ya gomesi, wengine wamezikunja mara tatu. Mke wa mchungaji alivaa ile ya tundu bila kujua. Omoding alishafika na wanaume wa ukoo. Walisimama kando ya barabara, wamevaa makoti, mikono nyuma, kama watu waliokuja matangani mapema. Wanakijiji wengine wakaja kutazama. Zulaika na binti zake waliketi kwenye nyasi wamebeba mtungi wa maji. Mzee Yokana alisimama mbali kwenye kona moja ya kiwanja, Mzee Erisa kona nyingine.

Ngazi tuliiegemeza ukutani. Ilikuwa inayumba, ardhi bado laini kwa mvua. Nambozo akasema, "Nani atashika chini?" Kila mwanamke alikuwa na kazi yake tayari, na hakuna mwanaume aliyesogea.

Tukasikia bodaboda. Opio! Amekaa nyuma ya dereva, amejifunga blanketi, kofia ya sufu mpaka machoni. Nilimwacha nyumbani amelala, nakuapia. Akashuka polepole, akapita katikati ya watu wa ukoo wake bila kuwatazama, akafika kwenye ngazi, akaikumbatia kwa mikono yote miwili na kuegemeza kifua chake hapo.

"Panda," akaniambia.

"Opio, baridi..."

"Mama, panda. Hawa watu wamekuja kuniona nikifa, usiwacheleweshe."

Watu walicheka, hata mmoja wa ukoo. Mimi sikucheka. Nilipanda. Kila ngazi nilisikia pumzi yake chini yangu, inakwaruza, inaendelea. Nilipofika juu nikakaa kwenye mbao kama mtu amepanda ng'ombe. Nikatazama chini. Alikuwa ameinua uso. Akanikonyeza jicho, Shadiah! Mzee mzima, mgonjwa!

Nikamwambia Nambozo, "Lete bati."

Lile la kwanza nilipigilia msumari nikakosa, nikajigonga kidole, nikapiga tena. Wanawake wakapanda mmoja mmoja, wenye waume na wasio na waume. Tukaanza kuimba, na nyundo zikafuata wimbo. Kutoka juu nilikuwa naona mlima wote, hauna wingu, na mpunga mpaka kule barabara ya Mbale. Nilijiuliza, kumbe wanaume walikuwa wanatuficha hiki?

Tulifunika upande mmoja. Tukaanza wa pili, na ndipo Mzee Yokana akashindwa. Alikuwa anatutazama muda wote kama mtu anayewashwa. Ghafla akapiga kelele kutoka kona yake: "Hilo bati mmeliweka chini ya mwenzake! Maji yataingia! Litoeni!" Akaja mbio, na miaka yake yote, akamwambia Opio, "Shika vizuri," akapanda. Akamnyang'anya mke wa mchungaji nyundo.

Mbao moja kubwa ya kati ilikuwa imevunjika, ilibidi ibadilishwe. Yokana akashika ncha moja, akasema bila kugeuka, "Mtu anipokee upande wa pili." Aliyekuwa amesimama upande wa pili, amekwisha panda kwa ngazi nyingine bila sisi kumwona, alikuwa Mzee Erisa.

Wimbo ulikatika. Wamesimama wazee wawili juu ya ukuta, mbao katikati yao. Huwezi kuikalisha mbao ile bila kusemezana.

Yokana akatazama miguu yake. Kisha akasema, "Inua kwako."

"Nimeinua."

"Kidogo tena."

"Hapo?"

"Hapo hapo, ndugu yangu."

Hilo neno lilimtoka, nadhani halikuwa limepangwa. Mzee Yokana akaanza kulia akiwa juu, ameshika nyundo. Akasema mbele ya wote, wa ukoo, wa msikiti na wa barabarani, kwamba mpunga ule ulishaota tena, lakini yeye aliutunza moyoni ukiwa umelala vilevile, kwa sababu ilimfurahisha kuwa mtu aliyekosewa. Erisa akasema aliwaona ng'ombe wakiingia, na alichelewa kuwatoa kwa makusudi. Aliyasema hayo juu ya paa! Wakakumbatiana hapo juu, mbao ikataka kuanguka, Nambozo akawafokea wote wawili kama watoto: "Kumbatianeni chini! Hapa tunafanya kazi!"

Tulimaliza jua bado liko juu. Niliposhuka, Opio alikuwa bado ameikumbatia ngazi, vidole vimekakamaa, ikabidi nivifungue kimoja kimoja. Omoding akaja. Nilidhani atasema neno. Alimshika ndugu yake mkono, akaupima joto, akamtazama machoni, akamgeuza kidogo kama mtu anayenunua mbuzi.

"Una njaa?" akamwuliza.

"Sana," Opio akasema.

Omoding akavua koti lake, akamvika. Kisha akanigeukia mimi. Akasema, "Mke wetu, nyumba yangu inavuja jikoni. Mtakuwa na nafasi lini?"

Jumatatu tulikuwa kwake. Tangu hapo wamekuja wa shule, amekuja Mkatoliki mmoja kutoka kijiji cha pili, na Zulaika ameomba tuwafundishe binti zake, kwa sababu msikiti wao mdogo pia una bati lililolegea. Nimemwambia misumari ya kofia ipo, ilitoka kwa Waislamu na Wahindu, irudi nyumbani.

Jumapili mvua ilinyesha wakati wa ibada. Tulikuwa wengi hata wengine wakasimama mlangoni. Hakuna tone. Mchungaji alisimama kuhubiri lakini kelele ya mvua juu ya bati ilikuwa kubwa mno, akakaa, tukaisikiliza tu.

Opio bado hajaokoka, usije ukadhani. Lakini anatembea, na anawaambia watu kwenye malwa kwamba mke wake amepanda na yeye ameongezeka uzito.

Kwa furaha,
Wilkista


Jinja
2 Juni 2024

Dada yangu Wilkista,

Barua yako imesomwa na watu wengi kuliko gazeti. Meera ameisoma dukani mbele ya wateja, alipofika kwa mke wa mchungaji na suruali ya tundu akashindwa kuendelea, Rasik akammalizia. Madinah ameisoma mara mbili. Nasur alijifanya haisomi, lakini niliikuta imehamishwa kutoka mezani.

Sasa mimi nikupe yangu.

Paa langu linavuja juu ya kitanda, mahali pa kichwa. Sikuwahi kukuambia kwa sababu lilikuwa jambo la kawaida; nilikuwa naweka sufuria na kulala miguu upande wa kichwa. Nasur kila msimu anasema atapanda. Kila msimu.

Alhamisi alipokwenda mjini nikamwita Madinah, nikamwonyesha ngazi ya jirani. Akaandika kwenye simu yake: "Mama, wewe?" Nikamwambia shika. Nikavaa suruali, maana moja niliibakiza, usiniulize kwa nini. Nikasema bismillahi, nikapanda na misumari mdomoni kama fundi.

Tundu nililipata, nikaliziba. Haikuwa kazi ngumu, Wilkista. Hiyo ndiyo iliyoniudhi. Miaka yote ile ya sufuria, na haikuwa kazi ngumu.

Kisha nikainua kichwa. Nimezaliwa kwenye nyumba hii, nimeolewa nikaondoka, nimefiwa nikarudi, na sikuwahi kujua kwamba kutoka hapa Nile inaonekana. Ipo pale, nyuma ya mabati ya watu, pana, inametameta, na daraja jipya limesimama juu yake na nyaya zake. Siisikii siku hizi hata nikiwa ukingoni. Lakini niliiona inavyokwenda, yote, kwa haraka yake ileile, nikakaa kitako juu ya nyumba ya baba yangu nikaitazama.

Nasur akarudi. Alisimama uani, mdomo unafunguka na kufungwa, na mimi, kwa raha ya masikio haya, sikupata hata neno moja. Majirani wakatoka. Madinah akawa anacheka ameshika ngazi. Nasur akaniashiria kwa mkono wote nishuke.

Nikamwashiria apande.

Akatazama huku na huku, akavua viatu, akapanda.

Shadiah